Hodi kutoka Zambia

Asubuhi ya kwanza baada ya Agathe kuzifunga nchi, Fanny wa mapokezi aliwasha kompyuta yake, akaitazama kwa muda, kisha akapiga kelele iliyosikika hadi uani.

"Agathe! Umeua wachumba wangu wote!"

"Wachumba gani?"

"Ule jenerali wa Amerika. Ule mujane wa visima vya mafuta. Hata docteur wa dawa za nguvu za kiume. Kila siku walikuwa wananiandikia chérie, chérie. Leo hakuna hata mumoja. Alors, nitaolewa na nani?"

"Utaolewa na mtu wa hapa Kisangani."

"Wa hapa nawajua. Ndiyo sababu nilikuwa nasubiri jenerali."

Agathe alicheka, akarudi chumbani kwake akiwa ametulia. Kwa muda mrefu hakuwa ametulia hivyo kazini.

Shirika lao lilikuwa na ofisi Makiso, nyuma ya bandari, na vituo vidogo vya afya kando ya mto: Yanonge, Isangi, na kimoja cha mbali sana, juu ya mto Lomami, karibu na Opala. Wauguzi wa vituo hivyo waliomba dawa kwa barua pepe, na mashua ya shirika ilizipeleka. Kazi ya Agathe ilikuwa kuilinda mashine iliyopokea barua hizo. Mashine yenyewe ilikaa Ubelgiji, katika chumba cha kukodi ambacho hakuwahi kukiona, lakini funguo zote alikuwa nazo yeye.

Barua za utapeli zilikuwa zimeigeuza mashine hiyo jalala. Urithi wa watu wasiojulikana, bahati nasibu ambazo hakuna aliyecheza, vidonge vya kila namna. Mwanzoni Agathe alizizuia kwa kutazama maneno yake. Matapeli wakabadili maneno. Akazuia maneno mapya, nao wakaanza kuandika kama makasisi. Ndipo ombi la Yanonge la dawa ya sumu ya nyoka lilipozama katikati ya takataka hizo, na Docteur Angèle, mkurugenzi, akaliona mashua ikiwa imekwisha kuondoka. Hakuna aliyekufa. Hata hivyo Docteur Angèle alimwita Agathe, akafunga mlango, akasema neno moja tu: "Maliza."

Agathe alimaliza. Kila mashine kwenye mtandao ina namba, na namba hizo zimegawiwa kwa nchi, kama zilivyo namba za magari. Aliziacha wazi nchi nne. Congo, kwa sababu ya vituo. Ubelgiji na Ufaransa, kwa sababu ya wafadhili. Marekani, kwa sababu ya makampuni makubwa ya barua pepe. Nchi nyingine zote za dunia alizifunga kwa amri moja, na aliyegonga kutoka huko hakujibiwa hata kwa kukataliwa. Aligonga kwenye ukuta, akangoja, akachoka.

Kimya kikaingia. Docteur Angèle alimsifu mbele ya wafanyakazi wote. Maombi ya Yanonge na Isangi yalisomeka moja baada ya jingine, safi, kama mchele uliopepetwa.

Opala peke yake haikuandika kitu. Hilo halikumshtua mtu. Kule mnara wa simu ulikuwa umekufa tangu mvua kubwa, na kituo hakikuwa na mtandao wake. Palikuwa na sahani ya setilaiti ng'ambo ya mto, kwenye shamba la kahawa, nayo iliwashwa jioni za siku za soko tu, jenereta ilipopata mafuta. Wauguzi waliandika barua zao mchana kwenye kompyuta ya kituo. Jioni mlinzi aliitia kompyuta kwenye mfuko wa plastiki, akaivusha kwa mtumbwi, akaiweka wazi karibu na sahani, akavuta sigara. Wao walisema kompyuta imekwenda kunywa mtandao. Ikinywa, barua zilizosubiri ndani yake zinaondoka zenyewe na nyingine zinaingia. Kisha mlinzi anaifunika na kuirudisha. Mlinzi hakujua kusoma kilichoandikwa kwenye kioo, wala hakuna aliyemtaka ajue. Kwa hiyo Opala ilizoeleka kunyamaza, kisha kusema mengi kwa mara moja.

Agathe ndiye aliyekuwa na sababu ya kuhesabu kimya hicho. Mkunga wa Opala alikuwa Nuru, mdogo wake wa tumbo moja.

Nuru, aliyeishi kule na mumewe Gédéon, alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alijifungua Kisangani, kwa kupasuliwa, na daktari alimwambia wazi kwamba ya pili pia asithubutu kuzalia mahali pasipo na chumba cha upasuaji. Kituo chake hakikuwa nacho. Agathe alimtaka ashuke mapema kwa mashua ya shirika, akae kwake, asubiri siku yake. Nuru alijibu kwamba anajua mwili wake, kwamba wanawake wa kule wanamtegemea, kwamba yaya yake, ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa, anapenda kuamuru. Wakaandikiana hivyo kwa majuma. Mwishoni Agathe aliandika kwa hasira, bila hata salamu: "Ukikubali kuja, uniandikie. Kama hukubali, usiniandikie tena." Akaituma kabla ya hasira kupoa. Jioni moja ya soko kompyuta ya Opala iliichukua barua hiyo. Siku chache baadaye, Agathe akafunga nchi.

Sasa alisubiri jibu, na jibu halikuja.

Juma la kwanza alijiambia kwamba Nuru ananuna. Juma la pili alijiambia kwamba jenereta haina mafuta. Baada ya hapo hakujiambia kitu. Alianza kuamka na kuketi ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, kama mtu aliyeitwa. Ofisini hakukaa kitini muda wa kutosha kukipasha joto. Alikwenda dirishani, akarudi, akafungua sanduku la barua, akalifunga, akaenda tena dirishani. Fanny alimletea lituma, ndizi za kupondwa, na samaki kutoka kwa mama muuza chakula wa pembeni. Agathe alikula nusu, akaisahau nusu nyingine juu ya mashine ya kuchapia.

Kitu kimoja kilimpa nafuu, nacho kilikuwa orodha ya waliogonga ukuta. Aliifungua kila asubuhi. Huko walipangwa kwa nchi zao, maelfu kwa maelfu, wakigonga mfululizo kama mvua juu ya bati. Alifurahi kuwaona wakihangaika nje. Miongoni mwao palikuwa na mmoja wa ajabu. Alitoka Zambia. Hakugonga mfululizo. Alikuja jioni, akagonga mara kadhaa kwa utaratibu, akangoja, akaondoka, akapotea kwa siku kadhaa, kisha akarudi jioni nyingine.

"Muzambia wako amerudi?" Fanny aliuliza asubuhi moja.

"Amerudi jana."

"Huyo ana nia, sikiliza miye. Mufungulie, tuone sura yake."

"Akiona mlango umefungwa, si ahamie kwa wengine?"

"Mwanaume mwenye adabu hivyo, weye unamufukuza! Ndiyo maana unalala peke yako."

Agathe alimtupia kalamu. Kwa dakika moja alisahau kuhangaika.

Siku moja aliteremka beach, kama wanavyoiita bandari ndogo ya mashua, kuulizia watu walioshuka kutoka Lomami. Mama mmoja muuza samaki wa moshi alimwambia kwamba alimwona mkunga wa Opala sokoni.

"Iko muzima?"

"Iko muzima. Tumbo iko mbele kama ngoma."

"Hakutuma neno?"

Mama yule alimtazama kwa huruma. "Nilimuuliza kama iko na ndugu Kisangani wa kusalimia. Akasema hapana."

Agathe alirudi kwa toleka. Dereva wa baiskeli aliimba njia nzima, naye hakusikia hata mstari mmoja. Hapana. Nuru amesema hana ndugu. Jioni ile aliandika: "Mdogo wangu, nilikosa. Rudisha neno hata moja." Akaituma. Ikaenda kukaa Ubelgiji, katika sanduku la Nuru, ikisubiri kompyuta ya Opala ije kuichukua. Haikuja kuichukua.

Siku ya mashua ikafika. Papa Kasongo, nahodha, alikuwa mzee wa mto kutoka familia za Yanonge, mtu wa tumbo kubwa na sauti ndogo. Agathe alimkuta beach akisimamia masanduku.

"Papa Kasongo, safari hii unafika wapi?"

"Isangi, mwanangu. Nalala pale, asubuhi nageuka."

"Hupandi Lomami?"

"Opala hawakuomba kitu. Weye unajua règle: bila demande, mashua haipandi. Essence ya injini si maji."

Agathe alijua kanuni hiyo. Alijua pia kwamba angeweza kusema: nenda, mdogo wangu yuko kule. Neno lilifika kooni. Lakini akamwona Nuru akimwambia muuza samaki kwamba hana ndugu, akaona aibu ya kupeleka mashua nzima kwa mtu asiyemtaka. Akalimeza.

"Safari njema, papa."

"Merci. Nenda ulale, mama. Macho yako mekundu kama ya mwewe."

Mashua ikaondoka. Agathe alibaki akiitazama mpaka ikapotea nyuma ya visiwa, kisha akarudi ofisini haraka haraka, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akimngoja.

Kweli alikuwapo. Tonton Édouard, muuza sahani, alikuwa amesimama uani, shati limefunguliwa vifungo, akimwelekeza fundi wake juu ya paa. Kebo ya mtandao ya mtaa ilikuwa inakatika kila mara watu wa barabara walipochimba, na Docteur Angèle alikuwa ameagiza sahani ya setilaiti. Sahani zote za mji, kwa maneno ya Édouard mwenyewe, zilipita mikononi mwake.

"Agathe! Leo nakutoa gizani. Kaa chini, jaribu, ulie machozi ya furaha."

Agathe aliketi, akaunganisha kompyuta yake na sahani. Magazeti yalifunguka mara moja. Picha zilifunguka. Akafungua barua pepe za ofisi. Hazikufunguka.

Akajaribu tena. Kimya. Hakuambiwa kwamba amekosea nywila. Hakuambiwa kitu chochote.

"Mashine ya Ubelgiji imekufa," alisema.

Akachukua simu yake, ambayo ilitumia mtandao wa kawaida wa mji. Barua zikafunguka papo hapo. Mashine ilikuwa hai. Akarudi kwenye sahani. Kimya.

"Tonton Édouard, sahani yako haifiki Ubelgiji."

"Inafika mpaka mwezini! Usiniharibie jina."

Agathe alifanya jambo ambalo alipaswa kulifanya tangu mwanzo. Aliuuliza mtandao swali dogo: mimi hapa naonekana nimetoka wapi? Jibu lilikuja na bendera ndogo ya kijani yenye tai pembeni. Alilisoma, akalisoma tena.

"Hii inasema niko Zambia."

Édouard akaangua kicheko hadi akashika ukuta. "Ah, ndiyo! Weye sasa ni Muzambia, mama! Miye mwenyewe ni Muzambia tangu zamani. Hizi sahani, wakati naanza, Congo ilikuwa bado haijakubali. Zilipitia Lubumbashi, na kule Zambia ndiko nilizifungulia compte za kulipia. Zote. Zinashika hapa, lakini kule juu zinahesabiwa za Zambia. Kuna shida gani? Zinaenda mbio, sivyo?"

Agathe hakucheka.

"Tonton. Ile ya Opala. Ya shamba la kahawa. Nani aliiuza?"

"Nani mwingine? Ni miye."

Agathe alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Kwa simu yake akafungua orodha ya waliogonga ukuta. Akatafuta Zambia. Jioni. Jioni. Jioni. Akaziweka tarehe hizo kando ya siku za soko la Opala. Zililingana zote. Hata mlango uliogongwa haukuwa ule wa matapeli wa kawaida, uliokuwa wa kupokea barua za wageni. Ulikuwa mlango wa wafanyakazi. Alikuwa ameliona jina la mlango huo mara nyingi bila kulitazama.

Nuru alikuwa amepiga hodi majuma yote hayo, naye Agathe alikuwa ameketi ndani akimhesabu pamoja na wezi, akimfanyia mzaha na Fanny.

Aliifungua Zambia pale pale, amesimama. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufungua mlango wa kabati. Kisha akaenda kwa Docteur Angèle, akaingia bila kubisha hodi.

Docteur Angèle alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alivua miwani.

"Donc, siku zote hizi ambazo nilikuwa nakusifu..."

"Ndiyo, Docteur."

"Opala hawakuomba dawa, au hawakuweza kuomba?"

"Sijui. Mlango uko wazi sasa, lakini lazima kompyuta yao ivuke mto. Huenda leo jioni, ni siku ya soko. Huenda wasipate mafuta. Papa Kasongo atalala Isangi. Asubuhi anageuka."

"Unaniomba mashua ipande kama fundi, au kama dada?"

Agathe alitaka kusema kama fundi. Jibu hilo lilikuwa safi. "Kama dada," alisema. "Fundi hana uhakika wa kitu. Dada naye hana. Lakini siwezi kukaa kitini, Docteur."

"Hilo tumeliona. Fanny anasema umechakaza sakafu." Docteur Angèle alivaa tena miwani, akachukua simu. "Kituo kikinyamaza kwa sababu kimependa, hiyo ni juu yake. Kikinyamaza kwa sababu sisi tumekiziba mdomo, hiyo ni juu yetu. Mashua inapanda. Na sisi wawili tutazungumza baadaye, tena kwa kirefu."

Papa Kasongo hakupatikana Yanonge. Alipatikana jua likizama, akiwa amefika Isangi, na sauti yake ndogo ilisikika ndogo zaidi.

"Docteur, essence ya kupanda iko. Lakini batu ya hapa wamenipikia samaki..."

"Kula samaki, ulale, uondoke kukipambazuka. Peleka dawa za akiba zote. Na mkunga ateremke nawe, akubali asikubali."

"Akikataa?"

"Agathe anasema hatakataa."

Agathe hakuwa amesema hivyo. Hakumsahihisha.

Akarudi chumbani kwake. Giza lilikuwa linaingia. Fanny hakwenda nyumbani. Aliketi mezani akila njugu, asiseme lolote, jambo ambalo kwake lilikuwa msaada mkubwa. Agathe alisimama. Akaketi. Akasimama. Kwenye kioo orodha ilijaa hodi za dunia nzima, za nchi zilizokuwa bado zimefungwa. Kisha ukatokea mstari mmoja wa Zambia, na safari hii mbele yake palikuwa na jina: Opala.

Barua zikaanza kuingia. Zilikuja zote kwa pamoja, na Agathe alizifungua kwa mpangilio wa tarehe, kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kuanza na ya mwisho.

Ya kwanza ilikuwa fupi. Ilikuwa na tarehe ya siku ile ile ambayo yeye alizifunga nchi. "Yaya, umeshinda. Nimefikiri vizuri, nitakuja. Mwambie papa Kasongo aniwekee nafasi, mbali na petroli, harufu inanichafua roho."

Ya pili ilikuwa ombi la dawa za kituo.

"Yaya, sijaona jibu. Nimesema ndiyo. Au unataka nipige magoti?"

"Yaya, mashua inakuja lini? Miguu imevimba. Gédéon anasema niache kukuandikia, nisikilize moyo wangu. Moyo wangu hauna akili, kwa hiyo nakuandikia."

"Agathe. Uliniambia nisipokubali nisikuandikie. Nimekubali, na weye ndiye huandiki. Basi nimeelewa ulichotaka. Ulitaka tu kusikia nimekubali."

Ya mwisho iliandikwa asubuhi ya jana. "Mashua ya shirika haiji. Tunashuka kwa mtumbwi wa wauza samaki, miye na Gédéon, mpaka Isangi, na kutoka pale nitaona. Sikuandikii ili unihurumie. Nakuandikia ili mtu ajue tuko wapi."

Fanny alikuwa amesoma juu ya bega lake. Njugu zilikuwa zimemwagika.

"Iko juu ya mto," Fanny alisema polepole. "Sasa hivi. Na tumbo lile."

Agathe alikwisha kupiga simu. Papa Kasongo aliitika akiwa bado anatafuna.

"Papa, usimtafute Opala! Yuko kwenye mtumbwi, Lomami, anashuka na wauza samaki!"

"Mutumbwi gani?"

"Wa wauza samaki!"

"Mwanangu, pale Lomami mitumbwi yote iko ya wauza samaki."

"Mwite kwa jina. Kila mtumbwi mtakaokutana nao, mwite. Mwambie sikumfungia yeye mlango, nilifungia Zambia."

Mzee akasema, "Bon. Nuru, sivyo? Sitangoja mapambazuko. Vijana, zimeni sigara! Naondoka mbalamwezi ikitoka."

Baada ya Isangi simu hazishiki. Zilizobaki zilikuwa siku za kusubiri tu, na Agathe alizipitisha vibaya. Alikwenda hospitali alikopasuliwa Nuru mara ya kwanza, akazungumza na daktari, akaondoka, akarudi kuuliza alichokwisha kuuliza. Aliosha mashuka yaliyokuwa safi. Alishuka beach asubuhi na jioni, mpaka wachukuzi wakaanza kumwita Mama Capitaine. Ofisini aliandika kwa mkono, kwenye karatasi kubwa, kila kituo na njia yake halisi ya kupita mtandaoni, akaibandika ukutani. Docteur Angèle aliisoma akiwa amesimama, akasema kwamba karatasi hiyo ilipaswa kutangulia ukuta. Agathe akasema ndiyo. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu.

Simu ilipolia, ilikuwa mchana, naye alikuwa barabarani, juu ya kiti cha nyuma cha toleka. Namba ilikuwa ya papa Kasongo. Alimpiga dereva mgongoni asimame.

"Papa?"

Haikuwa sauti ya papa Kasongo.

"Agathe." Ilikuwa sauti iliyochoka, ya mtu aliyeketi vibaya. "Niko Isangi. Eleza kitu kimoja."

"Nuru! Uko mzima? Umeanza kuumwa?"

"Sijaanza. Mutoto anapiga teke tu, naona amerithi kichwa chako. Sikiliza. Jana tulikuwa kwenye kambi ya wavuvi, tumepumzika. Nasikia mzee anaita jina langu mtoni kama anatafuta mbuzi. Namwambia, nani amekutuma? Anasema, dada yako. Namwambia, dada yangu alinifukuza, sipandi. Anasema, hapana, dada yako hakukufukuza weye, alifukuza Zambia."

Agathe alifunika mdomo kwa mkono.

"Nimekaa siku nzima juu ya maji nikifikiri. Gédéon naye amefikiri. Miye na Zambia tunajuana wapi, yaya?"

Alikuwa amesema yaya. Agathe alifungua mdomo aeleze namba, na sahani, na Édouard, na nchi nne, na mlango wa wafanyakazi. Maneno yalikuja yote pamoja, yakakwama. Dereva wa toleka alikuwa amegeuka anamtazama, mguu mmoja chini.

"Nilifunga mlango," alisema. "Sikujua uko nje."

Upande wa pili palisikika maji yakipiga ubao, na papa Kasongo akimsihi mtu aongeze kasi ya kupakia.

"Ulinisikia nikigonga?"

"Nilikusikia. Nilidhani ni mwizi."

Agathe alihesabu pumzi za mdogo wake kwenye simu, kisha akaacha kuhesabu.

"Utanieleza vizuri nikifika," Nuru alisema mwishowe. "Na usinieleze kwa haraka, nataka kukasirika sehemu kwa sehemu. Mzee anasema kesho tuko Kisangani. Mwambie daktari ajiandae. Na pika pondu ya majani laini ya muhogo, Agathe, kule mtumbwini tumekula samaki mpaka nimeanza kunuka."

"Nitapika."

"Na mlango uwe wazi."

Simu ikakatika. Agathe alimwambia dereva ageuze, waende sokoni.

"Soko gani, mama?"

"Lolote lenye pondu. Endesha."